Fangasi za mdomoni za mama zinarudi kila mwezi: kabla ya kusema usugu, angalia meno ya bandia

Swali: Dokta habari za kazi. Naomba msaada kuhusu mama yangu, ana miaka 63, anaishi na VVU na yuko kwenye dawa muda mrefu tu, anameza kile kidonge kimoja cha TLD. Ana sukari pia, anatumia metformini na glibenklamidi, na usiku anameza amitriptilini ya ganzi ya miguu. Tatizo ni fangasi za mdomoni. Akipewa nistatini ya maji zinapungua, chupa ikiisha wiki mbili tatu zimerudi. Akapewa flukonazoli zikaisha kabisa, mwezi haujaisha zimerudi tena, utando mweupe kwenye ulimi, na juu kwenye kaakaa pamekuwa pekundu pale meno yake ya bandia yanapokaa. Duka la dawa wanasema ni usugu aongeze dozi, jirani anasema dawa ni feki apake GV, ile dawa ya zambarau. Mi nimesoma mahali kuna kitu kinaitwa biofilimu. Ndo nini, na tufanyeje?

Jibu: Dada, pole kwa kuuguza, na mama mpe shikamoo yake. Nitakujibu kirefu maana kwenye hayo maelezo kuna mambo mengi na yote yanagusana, ila kilichonivuta macho kuliko yote sio dawa, ni pale uliposema pekundu ni mahali meno ya bandia yanapokaa. Hapo ndo pa kuanzia. Swali langu la kwanza kwa mama lingekuwa moja tu, hayo meno analala nayo?

Ngoja nikuambie kwa nini nauliza. Fangasi tunayoizungumzia hapa, Candida albicans, wala haijatoka nje kuja kumvamia mama. Karibu nusu ya watu wazima wazima wasio na ugonjwa wowote wanayo mdomoni saivi, wewe unayesoma unaweza kuwa nayo, na haikusumbui kwa sababu kuna ulinzi. Mate yanaisuuza muda wote na yana protini zinazoiua, bakteria wengine wanaiminya isipate nafasi, na ngozi laini ya mdomo ina askari wake. Hao askari ni jamii ya seli za kinga za CD4 zinazoitwa Th17, kazi yao ni kuiamsha ngozi ya mdomo itengeneze sumu zake za kujilinda na kuita seli nyeupe zije. Sasa VVU vinashambulia CD4, na hao Th17 ni kati ya wanaoumia mapema, ndo maana fangasi za mdomoni zimekuwa dalili ya VVU tangu ugonjwa wenyewe unaanza kuonekana miaka ya 80. Mgonjwa wa kansa anayepigwa dawa kali za mshipani ye anapoteza kitu kingine, anapoteza neutrofili, ndo zile seli nyeupe zinazoitwa kuja kupigana, kwa hiyo kwake hizi fangasi zinaweza kutoka mdomoni au tumboni zikaingia kwenye damu na hiyo ni hatari ya kufa. Kwa mtu mwenye VVU ambaye neutrofili zake ziko sawa mara nyingi zinaishia mdomoni na kwenye koo la chakula. Nakwambia hivi kwa sababu watu wanasema tu "kinga imeshuka" yani kama ni kitu kimoja, kumbe inategemea imeshuka kinga ipi.

Haya, biofilimu. Umewahi kuingiza mkono kwenye simtanki ambalo halijasafishwa muda mrefu ukakuta ukuta unateleza? Ile telezi ndo biofilimu yenyewe. Unaweza kumwaga maji yote ukajaza mapya, ukaweka na dawa ya maji, telezi ipo pale pale mpaka uingie na brashi usugue. Vijidudu vikiwa peke yake majini ni dhaifu, ila vikipata mahali pa kushika vinajenga, vinatoa ute wake unaoviunganisha na kuvifunika, na humo ndani vinaishi maisha tofauti kabisa.

Kandida inafanya hivyo hivyo, na mahali inapopapenda sana ni plastiki. Mwaka 2001 watafiti wa Cleveland kule Marekani walichukua vipande vya akriliki, ile ile inayotengenezewa meno ya bandia, wakaviwekea Candida albicans wakawa wanaangalia. Saa kumi na moja za kwanza zilikuwa za kushika na kuanza kuota vichaka vidogo vidogo, baadaye ute ukaanza kutandazwa, na kufika saa 72 tayari kuna tabaka nene lenye vyumba, chachu chini na nyuzi nyuzi ndefu zimesimama juu yake na ute umezizunguka. Siku tatu dada. Na walipopima dawa, zile zilizokuwa zinaua fangasi zikiwa changa zilishindwa kwenye tabaka lililokomaa, kwa flukonazoli kiasi kilichohitajika kilipanda zaidi ya mara mia. Hicho kiasi huwezi kumpa binadamu.

Sababu za dawa kushindwa humo ziko kadhaa. Ule ute una sukari ngumu inayoitwa beta glukani na inainasa dawa kabla haijafika ndani. Seli za chini kabisa zinakuwa hazikui wala hazigawanyiki na dawa nyingi zinapiga kitu kinachokua. Kuna pampu kwenye utando wa nje wa seli zinazotema dawa nje. Alafu kuna wachache sana ambao hawajabadilika jeni wala nini, wamelala tu, dawa inapita wanaamka, wanaanza upya. Usisahau pia kandida haijengi peke yake, bakteria wanaotoboa meno wakipata sukari wanatengeneza gundi inayoisaidia kushika, na stafilokokasi nao wanapenda kujibandika kwenye zile nyuzi.

Ongeza na hili ambalo wengi hawaambiwi: flukonazoli kwa kandida haiui, inaizuia isikue. Anayekuja kumalizia kazi ni kinga ya mwili. Mtu mwenye kinga nzuri anameza, fangasi zinasimama, askari wanakuja wanazimaliza. Mtu ambaye askari ni wachache anameza, fangasi zinasimama, utando unaonekana umeisha, dozi inakwisha na zilizobaki zinaendelea pale zilipoishia.

Sasa turudi kwenye maneno ya duka la dawa na ya jirani. Kuna tofauti kubwa kati ya dawa kushindwa na ugonjwa kurudi. Usugu wa kweli ungekuwa hivi: mama anameza flukonazoli vizuri wiki mbili na utando uko pale pale, haupungui, au unapungua kidogo tu. Lakini wewe umeandika mwenyewe, zikaisha kabisa. Dawa iliyomaliza utando haikuwa feki, na fangasi iliyosimama mbele ya dawa hiyo haijawa sugu, angalau bado. Kinachoonekana hapa ni kwamba kuna mahali inajificha, dawa ikiondoka inatoka. Na mahali penyewe umeshanitajia. Ukimwongezea dozi bila kugusa meno, hapo ndo utautengeneza usugu wa kweli, maana fangasi zitakuwa zinaonja dawa kila mwezi bila kufa.

Kwa hiyo meno kwanza. Usiku yatoke, hilo halina mjadala. Najua kuna aibu hapo, wamama wengi hata mume hajawahi kuwaona bila meno, ila kaakaa lililofunikwa saa 24 mate hayafiki, ni joto, ni unyevu, ni giza, na ule uwekundu ndo matokeo. Yakitoka yasafishwe kwa brashi laini ya peke yake na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usuguliwe zaidi ule upande wa ndani unaokaa kwenye kaakaa, sio ule wa mbele unaoonekana watu wakicheka. Dawa ya meno ya kawaida usitumie, ina chembe zinazokwaruza akriliki na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya fangasi. Mkaa na chumvi ya mawe ndo kabisa, hapana. Maji ya moto nayo yanapinda plastiki. Alafu kuloweka: kama meno hayana chuma chochote, changanya jiki isiyo na rangi wala harufu, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, loweka dakika zisizozidi kumi, suuza kwa maji mengi mpaka harufu iishe, alafu yakae kwenye maji safi mpaka asubuhi. Yakiwa na chuma, hata kale kawaya kadogo ka kushikia, achana na jiki kitaoza, tumia klorheksidini ya kusukutulia. Na kuloweka bila kusugua ni kazi bure, tabaka linatolewa na brashi, dawa inamalizia tu.

Kama meno yenyewe ni ya miaka mingi, yamepasuka, yanacheza, hapo mpeleke kwa daktari wa meno ayaangalie. Akriliki ina vitundu vidogo vidogo na ikizeeka fangasi zinaingia ndani kabisa ambako brashi haifiki, wakati mwingine yanawekwa bitana mpya na wakati mwingine yanatengenezwa mengine. Ni gharama najua, lakini piga hesabu ya chupa za nistatini mlizonunua.

Nistatini nayo tuizungumze maana inatumiwa vibaya karibu kila ninapouliza. Ni dawa ya zamani, waliigundua wanawake wawili wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, na jina lake limetokana na jimbo lao. Ni dawa nzuri tu ila haisharabiwi kutoka tumboni, inafanya kazi pale inapogusa na kwa muda inaogusa. Mtu anaekunywa kama dawa ya kikohozi, glu, imepita, hajatibu chochote. Mama avue meno kwanza, achukue kipimo alichoandikiwa, kwa mtu mzima mara nyingi ni mililita 4 mpaka 6 mara nne kwa siku, azungushe mdomoni dakika kadhaa ifike kila kona ndo ameze, na nusu saa baada ya hapo asile wala asinywe. Aendelee siku mbili zaidi baada ya utando kuisha, asiishie siku ule weupe ulipopotea. Kama anasukutua na klorheksidini pia asivichanganye, hizo mbili zikikutana zinaharibiana, atenganishe angalau nusu saa, zaidi ya hapo ni bora. Na kwa kuwa ana sukari soma kiboksi, nistatini nyingi za maji zimetiwa sukari ili ziwe tamu, mtu anatibu fangasi huku anazilisha.

Sasa flukonazoli, na hapa naomba usome taratibu maana ndo sehemu iliyonitia wasiwasi kwenye barua yako. Flukonazoli na glibenklamidi hazipatani. Flukonazoli inazuia ini lisiivunje glibenklamidi, inabaki nyingi kwenye damu na sukari inashuka, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, akiwa kalala anaweza asiamke. Kwa hiyo huo ushauri wa "aongeze dozi" kutoka dirishani, bila mtu kuuliza anatumia nini kingine, mi sikubaliani nao hata kidogo. Akiandikiwa tena flukonazoli anayemwandikia ajue kuhusu glibenklamidi, na siku hizo apime sukari mara nyingi zaidi na asilale njaa. Amitriptilini nayo inapanda ikikutana na flukonazoli, anaweza kusinzia kupita kiasi. Kwa TLD hamna shida kubwa na flukonazoli, ila dolutegraviri iliyomo humo inapandisha kiwango cha metformini, kwa kawaida metformini haivushwi gramu moja kwa siku mtu akiwa kwenye TLD, waulize CTC, kliniki yake ya VVU, kama hilo waliliangalia.

Na isije ikaonekana naipiga vita flukonazoli. Ni dawa nzuri mno. Pale Muhimbili Dar es Salaam walifanya utafiti uliotoka 2008, wagonjwa 220 wenye VVU na fangasi za mdomoni, nusu wakapewa miligramu 750 mara moja tu basi, nusu miligramu 150 kila siku kwa siku 14, na pande zote mbili waliopona walikuwa karibu 95 katika kila 100. Sio kwamba mama sasa akameze 750 kwa mkupuo, na hiyo glibenklamidi yake ndo kabisa asijaribu, nakuonyesha tu kwamba kwenye mazingira yetu hii dawa inafanya kazi hata kwa dozi fupi. Utando kuondoka ni rahisi. Shida ni usirudi.

Ndo tunakuja kwenye vitu vinavyouita urudi. Amitriptilini, hiyo ya ganzi, inakausha mate. Kwa mtu mwenye meno ya bandia mate makavu ni balaa, kwa sababu mate ndo ulinzi wa kwanza niliokutajia. Asiache mwenyewe, ila amwambie daktari mdomo unakauka, kuna dawa nyingine za ganzi au dozi inaweza kupunguzwa, na wakati huo awe anakunywa maji kidogo kidogo. Sukari ikiwa juu kwenye damu inapanda mpaka kwenye mate, na mate matamu na kandida ni marafiki. Muulize kipimo chake cha sukari cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kikoje, sio hiki cha kutoboa kidole asubuhi ya siku ya kliniki ambacho kila mtu anakifungia chakula siku moja kabla. Kama anatumia pampu ya pumu yenye steroidi asukutue maji kila akimaliza kuvuta, na kama anameza prednisoloni, nayo ni steroidi, aseme.

Na la VVU siwezi kulipita. Fangasi za mdomoni zinazorudi rudi kwa mtu mwenye VVU, WHO inazihesabu hatua ya tatu ya ugonjwa kati ya nne, na zikishuka kwenye koo la chakula ni hatua ya nne. Kwa mtu aliye kwenye dawa muda mrefu, kabla sijalaumu meno peke yake nataka kuona HVL ya karibuni, yani kipimo cha wingi wa virusi. Ikiwa haujulikani upimwe, na ukiwa umepanda basi TLD haifanyi kazi yake, iwe anaruka dozi au vinginevyo, na hapo tatizo ni kubwa kuliko mdomo. Wapime na CD4, ikiwa chini ya 200 kuna vingine vya kuangalia, kifua kikuu, na kile kipimo cha damu cha fangasi ya ubongo, kriptokoka. Kama virusi viko chini kabisa na CD4 nzuri, ndo nitakuwa na uhakika zaidi kwamba meno, sukari na mdomo mkavu ndo wenye kesi. Zamani kabla ARV hazijaenea fangasi sugu kweli kweli zilikuwa nyingi, watu wenye CD4 chini ya 50 waliokula flukonazoli miezi na miezi. ARV ndo zilizipunguza kuliko dawa yoyote ya fangasi.

GV ya jirani: sio uchawi wala sio upuuzi, inaua kandida na kliniki nyingi ziliitumia miaka mingi. Ila ile nzito inaunguza ngozi laini ya mdomo, inapaka kila kitu zambarau mpaka meno yenyewe, na miaka ya karibuni kuna nchi zimeiwekea masharti kwa sababu ya wasiwasi wa kansa. Wakati nistatini ipo mi nisingeanza nayo, na kwenye tabaka la chini ya meno haiondoi haja ya brashi. Kitu ambacho nakataza moja kwa moja ni vidonge vya ketokonazoli, bado vinauzwa madukani, mwaka 2013 Ulaya na Marekani waliviwekea breki kwa sababu vinaharibu ini.

Fanyeni haya ya meno kwa mwezi mmoja, pamoja na dozi moja kamili ya dawa ya fangasi iliyotumiwa vizuri mpaka mwisho. Zikirudi tena hata hivyo, au siku nyingine dawa ikigoma kabisa, omba wachukue kipimo cha kuotesha, pamba wapitishe kaakaani na upande wa ndani wa meno, vyote viwili. Sio kila kandida ni albicans. Candida krusei kwa asili yake haisikii flukonazoli, na glabrata, ambayo inapenda wazee wenye meno ya bandia na sukari, mara nyingi inasikia kwa shida. Hapo dawa inabadilishwa kabisa, kuna itrakonazoli ya maji, kuna amfoterisini, kuna za sindano ambazo hata biofilimu zinaipiga vizuri ila ni ghali na ni za kulazwa.

Chakula kikianza kumuuma akimeza, au akihisi kinakwama kifuani, hapo usisubiri mwezi wala wiki, ni hospitali, maana fangasi zimeshuka na matibabu yake ni marefu, wiki mbili mpaka tatu. Na ukiwa unamwangalia mdomo, chukua kitambaa safi futa ule utando. Wa fangasi kwa kawaida unatoka na chini panabaki pekundu. Kikiwepo cheupe kisichofutika, pembeni ya ulimi au popote, na kikamaliza wiki mbili baada ya dawa kikiwa pale pale, aone daktari wa kinywa akatwe kipande kidogo kipimwe.